Turbo ya Gari Angani: Geji Ile Ile, Kazi Mara Mbili

Ukianza kufuatilia watu wanaojiundia ndege ndogo na kuzifunga injini za rota za Mazda, kuna ushauri mmoja utakutana nao mapema sana. Unasemwa kwa kujiamini: injini hii ilitoka kiwandani na turbo yake, kwa nini uhangaike kutafuta nyingine? Funga ile ile, weka busti ile ile, paa.

Ushauri huu unavutia. Ni rahisi, unaokoa pesa, na ukiusikia mara ya kwanza unaona una akili. Tatizo ni kwamba nusu yake ni kweli, na ile nusu ya kweli ndiyo inayokufanya uimeze nusu nyingine bila kutafuna.

Nakiri mapema: niliwahi kuutetea hadharani. Ilikuwa kwenye semina ya wanafunzi wa uzamili, mimi na slaidi zangu, nikaonyesha grafu safi ya busti ya bar 0.5 ikibaki palepale kuanzia usawa wa bahari mpaka mita 5,500. Nilipomaliza, mzee mmoja fundi wa ndege aliyealikwa kama mgeni akanyoosha mkono.

"Mwanangu, nimekuelewa vizuri. Sasa niambie, hiyo bar 0.5 geji yako inaihesabu kuanzia wapi?"

"Kuanzia sifuri, mzee."

"Sifuri ya wapi? Ya Dar es Salaam, au ya juu kule karibu na kilele cha Kilimanjaro?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Nilirudi chumbani nikapiga hesabu upya, na nikakuta kwamba slaidi yangu moja tu ingetosha kuvunja turbo ya mtu angani. Makala hii ni ukosoaji wa ule ushauri, na pia ni ukosoaji wa mimi wa siku ile.

Kwanza, rota ipi?

Jina "injini ya rota" kwenye ndege lina mtego. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndege nyingi zilitumia injini kama Gnome na Le Rhône, ambazo silinda zote zilizunguka pamoja na propela huku shafti ikiwa imetulia. Hizo siyo tunazozungumzia hapa.

Tunazungumzia injini ya Felix Wankel, ambayo mfano wake wa kwanza uliwashwa kwenye kampuni ya NSU, Ujerumani, mwaka 1957. Haina pistoni wala valvu. Ina rota ya pembetatu inayozunguka ndani ya chumba chenye umbo kama namba nane iliyonenepa kiunoni. Ncha tatu za rota zina vipande vyembamba vya kuziba, tuviite sili za ncha. Vishike kichwani, maana tutarudi kwao.

Iliyo maarufu zaidi ni 13B ya Mazda: rota mbili, kila chumba cm³ 654, jumla lita 1.3. Usidanganyike na udogo huo. Kila rota inatoa pigo moja la nguvu kwa kila mzunguko wa shafti, wakati silinda ya injini ya kawaida ya mipigo minne inatoa moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa hiyo kwa upande wa kuvuta hewa, 13B ni kama injini ya pistoni ya lita 2.6. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika inavuta karibu mita za ujazo 7.8 za hewa kila dakika, yaani kama kilo 9.6 ukiwa usawa wa bahari. Kumbuka hizi namba mbili. Moja itabaki, nyingine itakimbia.

Kwa nini ushauri ule unavutia

Tuwe waungwana kwanza. Injini ya rota na turbo kweli wanapendana.

Tundu la kutolea moshi kwenye 13B linafunguka ghafla, halina valvu ya kunyonya joto njiani, na chumba chenyewe cha kuchomea ni kirefu na chembamba, hivyo sehemu kubwa ya nishati inakimbilia kwenye ekzosi kabla haijafanya kazi kwenye rota. Kwa mwenye gari la kawaida hiyo ni hasara, ndiyo maana injini hizi zina sifa ya kula mafuta. Kwa mwenye turbo, hiyo ni chakula cha turbini.

Pili, Mazda wenyewe walithibitisha. RX-7 ya turbo ya mwishoni mwa miaka ya 1980 ilitoka na nguvu za farasi 182, baadaye 200, kutoka kwenye lita 1.3. Tatu, ekzosi ya rota ina kelele kali ya kupasua masikio na inatafuna mafla kwa joto lake, na turbini ikikaa njiani inaipunguza makali. Nne, bei. Turbo iliyokuja na injini umeshainunua tayari, na flanji zake zinakubali bila kuchomelea kitu kipya.

Kwa hiyo anayetoa ushauri huu si mjinga. Ana hoja nne nzuri. Kosa lake ni kudhani kwamba turbo ni sehemu ya injini, wakati turbo ni sehemu ya kazi. Ukibadilisha kazi, umebadilisha swali.

Kosa la kwanza: geji

Turudi kwenye swali la mzee. Geji ya busti ya gari inapima tofauti kati ya presha ya ndani ya manifoldi na presha ya nje. Ikisoma bar 0.5, maana yake ni "nimezidi nje kwa 0.5". Geji ya manifoldi ya ndege inapima presha kamili, kuanzia ombwe. Kwenye gari linalozunguka Dar tofauti hii haina maana kubwa, kwa sababu "nje" haibadiliki. Kwenye ndege, "nje" ndicho kitu kinachobadilika kuliko vyote.

Usawa wa bahari, nje kuna karibu bar 1. Mita 5,500, chini kidogo ya Uhuru pale Kilimanjaro, imebaki nusu. Sasa kompresa haijui bar 0.5 ni nini. Inachojua ni uwiano: hewa inayotoka imebanwa mara ngapi ukilinganisha na iliyoingia. Tuweke mipango mitatu mezani.

Mpango wa gari: westigeti, yaani mlango unaopitisha moshi pembeni ya turbini ili turbo isizidishe, ina springi inayopimana na hewa ya nje. Inashikilia 0.5 juu ya nje. Usawa wa bahari manifoldi ina 1.5, uwiano ni 1.5. Mita 5,500 manifoldi ina 1.0, nje 0.5, uwiano ni 2. Geji haijatikisika, lakini uwiano umepanda, na injini imepoteza theluthi moja ya presha yake. Yaani unapata nguvu nyingi zaidi ardhini, ambako hewa tayari ilikuwa nzito, na inakutoroka kadiri unavyopanda.

Mpango wangu wa slaidi: nilichora mstari ulionyooka, nikafikiri nashikilia 1.5 kamili mpaka juu. Usawa wa bahari uwiano ni 1.5. Mita 5,500 ni 1.5 gawanya kwa 0.5, yaani 3. Turbo iliyochaguliwa kwa kazi ya 1.5 inaombwa 3. Hapo ndipo mzee alikuwa ananipeleka.

Mpango wa tatu: shikilia bar 1.0 tu, presha ile ile ya usawa wa bahari, usizidishe hata kidogo. Ardhini turbo karibu haina kazi. Mita 5,500 uwiano ni 2. Watu wa ndege wana jina la mpango huu, sisi tuuite kufidia kimo. Humpi rubani nguvu mpya, unamrudishia ile aliyonyang'anywa na kimo.

Na hiki si kitu kipya. Mwaka 1918, Sanford Moss wa General Electric alibeba injini ya ndege ya Liberty mpaka juu ya Pikes Peak, Colorado, kama mita 4,300, kuonyesha kwamba turbo inaweza kuirudishia injini pumzi yake pale juu. Turbo ilivyoingia kwenye ndege, ilikuja kufidia. Kuzidisha ndiyo tabia tuliyozoea kwenye magari.

Kosa la pili: pumzi ya kompresa

Sasa zile namba mbili. Injini ikitaka kutoa nguvu ile ile kwenye mita 5,500, inahitaji kilo zile zile 9.6 za hewa kwa dakika. Lakini kule juu mita moja ya ujazo ina kilo 0.7 hivi tu, siyo 1.2. Kwa hiyo kompresa inapaswa kumeza karibu mita za ujazo 13.8 kila dakika badala ya 7.8. Mdomo ule ule, tonge karibu mara mbili.

Kila kompresa ina ramani yake inayotolewa na mtengenezaji. Mstari wa chini ni kiasi cha hewa, wa kusimama ni uwiano. Upande wa kushoto kuna mpaka ambapo hewa ni kidogo mno kwa presha unayodai, basi inarudi nyuma na kompresa inakohoa. Upande wa kulia kuna mpaka ambapo mdomo umejaa, hata uzungushe vipi haipiti zaidi. Katikati kuna visiwa vya ufanisi mzuri.

Gari linacheza kwenye eneo dogo la ramani hiyo. Ndege inayopanda inasafiri: inaanza chini kushoto, inapanda kwenda juu kulia, uwiano na ujazo vikikua pamoja. Turbo ndogo ya gari, iliyochaguliwa ili dereva asisubiri anapokanyaga mafuta, inafika ukingo wa kulia haraka. Ukiilazimisha, inaongeza mizunguko. Turbo za magari tayari huzidi mizunguko 100,000 kwa dakika, na mkazo kwenye mabawa yake unakua kwa mraba wa kasi: ongeza kasi asilimia 10, mkazo unapanda asilimia 21. Na zaidi, presha ya nje ikishuka, turbini nayo inapata mahali pepesi pa kumwagia moshi, kwa hiyo moshi ule ule unaisukuma kwa nguvu zaidi. Pande zote mbili zinaisukuma izidi kasi, na rubani haoni kitu, kwa sababu geji ya busti iko palepale.

Kuna na bei ya joto. Nimepiga hesabu kwa ufanisi wa asilimia 70. Mchana wa nyuzi 32 Dar es Salaam, ukibana hewa kwa uwiano wa 1.5 inatoka na nyuzi 85 hivi. Mita 5,500, hewa ya nje ni kama nyuzi 21 chini ya sifuri, ukiibana kwa uwiano wa 2 inatoka na nyuzi 58. Uwiano wa 3 hapo hapo, nyuzi 112, na ukiwa ukingoni mwa ramani ambako ufanisi umeshuka mpaka 60, nyuzi 134. Umeona? Kufidia kimo kwenye uwiano wa 2 kunaleta hewa ya baridi kuliko kuzidisha kidogo tu ukiwa Dar. Baridi ya juu inakusaidia, ilimradi usiwe mlafi.

Kwa nini joto hili linatusumbua? Zile sili za ncha. Injini ya rota isiyo na turbo inavumilia mafuta ya oktani ya chini vizuri tu. Lakini ukiilisha hewa iliyobanwa na ya moto, mchanganyiko unaweza kulipuka kabla ya wakati wake, ile mafundi wanaita injini kugonga. Pistoni huwa inavumilia kugonga kidogo na kukupa onyo. Sili ya ncha inaweza kupasuka. Kipande kikipasuka kinatoka kupitia ekzosi, na kitu cha kwanza kinachokutana nacho ni turbini inayozunguka kwa kasi ile niliyoisema. Kosa moja, hasara mbili.

Kosa la tatu: eti nguvu ya bure

Utasikia pia kwamba turbo inatumia moshi uliokuwa unatupwa, kwa hiyo ni nguvu ya bure. Hapana. Turbini ni kizuizi kwenye bomba. Ili moshi uisukume, lazima presha nyuma yake ipande, na injini ndiyo inayolipa.

Kwenye rota malipo haya ni makubwa kidogo kuliko kwingine. Kwenye 13B kuna muda ambapo tundu la kuingiza na la kutoa yote yako wazi kwa pamoja. Presha ya ekzosi ikizidi ile ya manifoldi, moshi wa moto unarudi kwenye hewa mpya, unaipasha, na kuisogeza karibu na kugonga. Turbini ndogo, yenye nyumba yenye koo jembamba, ndiyo inayoleta hali hii kwa haraka. Kwa gari ni biashara nzuri: unapata turbo inayoamka mapema mtaani. Kwa ndege, ambayo propela inazunguka karibu kwa kasi moja safari nzima, umenunua kitu usichokihitaji kwa bei ya kitu unachokihitaji sana.

Kosa la nne: gari linapumzika

Hili ndilo naliona linasahaulika kuliko yote. Gari la michezo linatoa nguvu zake zote kwa sekunde chache, halafu kuna kona, kuna taa, kuna bodaboda. Muda mwingi linatumia sehemu ndogo ya uwezo wake. Ndege inapaa kwa nguvu zote kwa dakika kadhaa, kisha inakaa kwenye asilimia 65 mpaka 75 kwa masaa.

Moshi wa rota unafika nyuzi 900 na zaidi. Injini za pistoni za ndege zenye turbo kwa kawaida huwekewa kikomo cha joto la kuingia kwenye turbini cha nyuzi 900 hadi 950 hivi, na rubani anakiangalia kwenye geji. Magari mengi hayana hata geji hiyo. Chuma kilichovumilia joto hilo kwa sekunde kumi hakijakuahidi chochote kuhusu masaa matatu.

Wala si turbo yenyewe tu. Mwaka 2023 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa amri kuhusu vibano vya pete vinavyounganisha turbo na bomba la mwisho la moshi kwenye ndege za pistoni: vile vilivyoungwa kwa vidoti vya kuchomelea viliwekewa ukomo wa saa 500 za matumizi, kwa sababu vikiachia, moshi wa moto unamwagika ndani ya boneti ya injini. Soma tena taratibu. Hizo ni ndege zilizothibitishwa, zenye vipuri vya kiwandani. Kama kibano chao kinahesabiwa saa, cha kwako ulichokitoa kwenye gari la mwaka 1989 kinahesabiwa nini?

Basi uchague vipi?

Nisikuache na ukosoaji mtupu. Kama ningerudi kwenye ile semina, ningeanza na maswali, siyo na turbo.

Swali la kwanza: unataka kuruka kwenye kimo gani, kweli kweli? Mita 5,500 inapendeza kwenye grafu, lakini kule rubani mwenyewe anahitaji oksijeni ya ziada. Kama safari zako ni mita 3,000, nje kuna bar 0.7, na kufidia kimo kunahitaji uwiano wa 1.45 tu. Hewa inatoka na nyuzi 38 hivi. Hapo kazi imekuwa ndogo, na turbo nyingi zinaiweza.

Swali la pili: utashikilia presha gani kamili? Andika namba kwa presha kamili, siyo busti. Mimi sasa nasema bar 1.0, basi. Utaniuliza, je kuruka kutoka uwanja wa juu wenye joto? Swali zuri, na linatuhusu. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko kama mita 1,690. Mchana wa nyuzi 27 hewa pale ina kama asilimia 78 tu ya uzito wake wa usawa wa bahari, kwa hiyo injini isiyo na turbo inaanza safari ikiwa imeshapoteza zaidi ya moja ya tano ya kile ilichonacho usawa wa bahari. Turbo ya kufidia kimo inarudisha karibu yote bila kuzidi presha ambayo injini ilishaizoea. Huhitaji 1.5 ili uondoke Wilson salama.

Swali la tatu ndiyo ramani. Weka nukta mbili: ya kuruka na ya kimo chako cha juu. Zote zikae ndani ya kisiwa cha ufanisi, na ile ya juu iwe mbali na ukingo wa kulia. Mara nyingi utajikuta unachagua kompresa kubwa kuliko ya gari.

Swali la nne ni turbini: koo pana kuliko la gari. Itachelewa kuamka, na hilo halikuumizi. Westigeti nayo iwe kubwa. Rota inatoa moshi mwingi, na westigeti ndogo ikifunguka yote bado inaweza kushindwa kuupitisha, presha ikaendelea kupanda yenyewe. Wenye RX-7 wanaijua vizuri hali hiyo, hasa wakishafungua njia ya ekzosi. Na iongozwe na presha kamili ya manifoldi, siyo springi inayopimana na nje.

Kipoza hewa, mafundi wetu wanakiita intakula, kiwepo kama unakwenda juu. Kwa mita 3,000 unaweza kubishana na uzito wake. Ila kumbuka hewa nyembamba inapoza vibaya rejeta na oili pia, na rota inamwaga joto jingi kwenye oili. Usihesabu kipoza kimoja ukasahau viwili.

Ukishaifunga

Kuiendesha ni nidhamu zaidi kuliko ufundi. Oili ipate joto kwanza kabla ya kudai nguvu. Sogeza wenzo wa nguvu taratibu, hasa asubuhi ya baridi, maana turbo inaweza kupitiliza kabla westigeti haijaamka. Angalia joto la kuingia turbini kuliko unavyoangalia presha. Likipanda, punguza nguvu au ongeza mafuta kwenye mchanganyiko, usisubiri lishuke lenyewe. Ukitaka kushuka, anza mapema ili chuma kipoe polepole. Ukitua, iache injini izunguke dakika chache bila mzigo kabla ya kuzima, la sivyo oili iliyobaki kwenye beringi inaungua na kuwa masizi magumu.

Na kuna jambo moja dogo lililowahi kuwasumbua wengi: oili inatoka kwenye turbo kwa uzito wake tu, haisukumwi. Kwenye gari turbo imekaa juu ya sampu. Kwenye ndege nafasi inakulazimisha kuiweka chini. Basi oili haina pa kwenda, inapita kwenye sili na kuingia ekzosi au kwenye hewa ya injini. Dawa ni pampu ndogo ya kuinyonya oili irudi, na pampu hiyo nayo sasa ni kitu kingine kinachoweza kufa. Iangalie kila ukaguzi.

Uamuzi wangu

Je, ushauri ule ni wa kutupwa? Sehemu moja niibakize: rota na turbo ni wenzi wa kweli. Hata NASA, miaka ya 1980, ilipofadhili utafiti wa injini za rota za ndege, turbo ilikuwa ndani ya mchoro tangu mwanzo. Hiyo ndiyo tofauti. Wao walianza na kimo, wakaenda kwenye hewa, wakamalizia na turbo. Ushauri wa "funga ile ile" unaanza na turbo kwa sababu ipo mkononi, halafu unaiomba anga ikubaliane nayo.

Gari likivunja turbo pale Ubungo, utasikia mluzi, utaona moshi wa bluu, utasogea pembeni na kumpigia fundi. Angani pembeni hakuna. Ndiyo maana namshukuru yule mzee, ingawa siku ile nilitamani sakafu inimeze. Hakuniambia nimekosea. Aliniuliza tu sifuri yangu iko wapi. Tangu siku hiyo, kila ninapoona grafu yenye neno "busti", yangu au ya mtu mwingine, swali langu la kwanza ni hilo hilo. Nakuachia na wewe.